Taka Hatarishi au Chakavu Hatarishi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2021, imetuzoesha istilahi mbili: taka hatarishi na taka za kielektroniki. Neno "hatarishi" halina kasoro. Limetoka kwenye kitenzi hatarisha, hivyo linataja kitu chenye kutenda, na kemia inakubaliana na sarufi. Risasi iliyomo ndani ya betri nzima haimdhuru mtu. Hudhuru ganda linapopasuliwa na madini kuyeyushwa. Shaba ndani ya waya haina neno. Sumu iko kwenye moshi wa plastiki inayochomwa ili shaba hiyo ipatikane. Kasoro iko kwenye neno "taka". Kwa mzungumzaji wa kawaida, taka ni kitu kisicho na mwenyewe, kinachosubiri kufagiwa na kuzolewa. Vifaa tunavyovizungumzia vina wenyewe, vina bei, na mnunuzi huvifuata hadi mlangoni. Ndiyo maana napendekeza tuviite kwa neno ambalo biashara yenyewe inalitumia: chakavu hatarishi.

Mwanza inatosha kuwa ushahidi. Makoroboi, lile eneo la katikati ya jiji lililojibanza kwenye miamba, lilipata jina lake kwa koroboi, vibatari vilivyofuliwa hapo kwa mabati yaliyokwisha kazi. Kifaa kilichochakaa kilikuwa malighafi ya kingine, na hakuna aliyeiita kazi ile usimamizi wa taka. Ziwani nako taa zimebadilika. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa mwanga usiku wa giza, na kwa miongo mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Siku hizi karabai zinapisha taa za sola na nyingine zinazotumia betri, mara nyingi betri zile zile za magari na pikipiki. Ni mabadiliko mema, kwa mfuko wa mvuvi na kwa mapafu yake. Lakini karabai ikifa huacha bati na kioo. Betri ya aina hiyo ikifa huacha risasi na tindikali. Mvuvi wa Igombe au Kayenze hana sababu ya kuitupa, maana risasi inanunuliwa. Hatari huingia pale tindikali inapomwagwa chini ili mzigo upungue uzito, au risasi inapoyeyushwa uani ambako watoto wanacheza. Anayeisubiri betri hiyo kwenye dampo la Buhongwa atasubiri sana.

Mombasa wamekwisha kulipia somo hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru, wakazi walidhuriwa na risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Hapakuwa na jalala pale. Palikuwa na kiwanda, wafanyakazi na bidhaa ya kuuzwa. Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi hao, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015; Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Upeo iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Mkaguzi aliyefundishwa kutafuta taka angepita mtaa huo asione kitu.

Pingamizi zito linatoka bandarini. Mikataba ya Basel ya 1989 na Bamako ya 1991, inayodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi, imejengwa juu ya neno taka, na ujanja wa siku zote wa wasafirishaji ni kuzipa taka jina la mitumba. Tukilegeza neno, je, hatutawafungulia mlango? Hofu hii ni ya haki, na kwa shehena inayovuka mpaka neno taka libaki, hasa sasa ambapo tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel unadai ridhaa ya nchi inayopokea kwa taka zote za kielektroniki, ziwe hatarishi au la. Lakini kinachomfunga msafirishaji ni orodha na vipimo vilivyoambatishwa kwenye mkataba. Mvuvi hasomi viambatisho. Yeye anahitaji jina linalomgusa angali ameishika betri mkononi.

Wengine watasema betri si kifaa cha kielektroniki. Kitakwimu wana hoja: ripoti ya dunia iliyohesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, huku asilimia 22.3 tu zikithibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo, huziacha betri nje ya hesabu yake. Hilo linanithibitishia kwamba mgawanyo ulioagizwa kutoka nje hautoshi ufukweni kwetu, ambako taa, betri na paneli ya sola hununuliwa pamoja na kuishia kwa mnunuzi mmoja wa chakavu. Na Mwanza hunywa maji ya ziwa hilo hilo ambalo Mto Mirongo unamwagia kila kinachopita katikati ya jiji.

Mfanyabiashara wa chuma chakavu tayari anatakiwa kuwa na kibali. Wanaoandika vibali hivyo waongeze humo maneno "chakavu hatarishi", na chini yake wataje betri, bodi za simu na runinga za kioo kizito, kisha wakague mizani ya mnunuzi kabla hawajaenda dampo.