Pantoni: Chombo Kinachobebwa na Hewa

 Wewe uliyeketi darasani na karatasi hii mkononi, fuatisha maneno kwa kidole kama kusoma kwako bado ni kwa polepole. Hapana haraka.

Leo twataka kuzungumza juu ya pantoni. Neno hili si geni. Mtu wa Dar es Salaam anayevuka maji kwenda Kigamboni husema, "Napanda pantoni." Tulilipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na shina lake huko ni neno la daraja. Sisi huita pantoni kivuko kikubwa kibebacho watu na magari. Lakini mafundi wana maana nyingine iliyo nyembamba zaidi. Kwao pantoni ni boya, yaani kitu kitupu kilichozibwa pande zote, chenye hewa ndani, kinachowekwa chini ya sakafu ya mbao ili sakafu hiyo ielee.

Huko Marekani kuna mashua za namna hii kwa ajili ya familia. Ni maboya mawili marefu kama mabomba, na juu yake sakafu, viti, na uzio wa kuzuia watoto wasianguke majini. Nyingi zimekwisha zeeka. Watu huzinunua kwa bei ndogo, huzivuta mpaka nyuma ya nyumba zao, na kuzitengeneza upya kwa mikono yao. Nimechagua kazi hiyo iwe somo letu la historia, kwa sababu mtu anayeifungua mashua kuukuu hukuta ndani yake habari za watu walioiunda, na makosa yao pia.

Kwanza tukumbuke jahazi. Jahazi ni mbao zilizopigiliwa, na kati ya mbao na mbao mafundi hupiga kalafati, yaani hujaza pamba na mafuta ili maji yasipite. Hata hivyo maji hupita kidogo kidogo, nayo hukusanyika chini. Mabaharia huyaita ngama, na kila siku huyateka na kuyamwaga. Basi baharia wa jahazi huyaona maji yake. Anajua ni mengi au ni machache. Mwenye pantoni hayaoni, maana boya lake limezibwa. Maji yakiingia hukaa gizani, na juu sakafu yaonekana kavu na nzuri. Lishike neno hili, tutalirudia.

Kuelea kwa nguvu ya hewa ni elimu ya kale sana. Katika picha zilizochongwa mawe kwenye jumba la mfalme wa Ashuru, karibu miaka 2,900 iliyopita, waonekana watu wakivuka mto juu ya ngozi za wanyama zilizojazwa hewa. Kisha mwaka 480 kabla ya Kristo, Mfalme Xerxes wa Uajemi alitaka kuvusha jeshi lake kutoka Asia kwenda Ulaya, mahali ambapo leo ni nchi ya Uturuki. Mwandishi wa Kiyunani aitwaye Herodotus asema kwamba madaraja ya kwanza yalivunjwa na dhoruba, na mfalme kwa hasira akaamuru bahari ipigwe viboko 300. Bahari haikujali. Mafundi wengine wakapanga merikebu ubavu kwa ubavu, 360 katika daraja moja na 314 katika la pili, wakatandika njia juu yake, na jeshi likavuka. Tangu hapo majeshi mengi yamejenga madaraja ya namna hiyo, na tukiyataja yote tutakesha.

Sasa turuke mpaka karne ya 20, twende Minnesota. Hilo ni jimbo la kaskazini mwa Marekani, lenye maziwa zaidi ya 10,000, mengi yake madogo. Wakati wa baridi maji ya maziwa huganda yakawa barafu ngumu, mtu akaweza kutembea juu yake. Wakati wa joto watu hutoka kwenda kuvua samaki na kupumzika majini.

Karibu na mji mdogo wa Richmond, katika jimbo hilo, alikuwako mkulima jina lake Ambrose Weeres. Mashua za kawaida huyumba. Mzee akisimama, au mtoto akikimbilia upande mmoja, chombo huinama. Weeres aliona kwamba sakafu pana iliyotandikwa juu ya maboya mawili yaliyoachana ingetulia zaidi. Mwaka 1952 alichukua mapipa ya chuma, akayaunga kwa kuyachomelea ncha kwa ncha mpaka yakawa safu mbili ndefu, kisha akaweka jukwaa la mbao juu yake. Akaijaribu mashua yake katika ziwa liitwalo Horseshoe, karibu na Richmond. Watu wakaipenda, akaanzisha kiwanda cha kuziunda na kuziuza.

Angalia vitu alivyotumia mtu huyu. Mapipa na mbao! Mapipa ya namna hiyo hata sisi twayajua, yale ya mafuta, yanayochukua lita 200 na kidogo zaidi. Mimi humheshimu mvumbuzi anayeanza na kitu kilichoko uani kwake kuliko yule anayeanza na ombi la fedha.

Lakini chuma kina adui, naye ni kutu. Baadaye viwanda viliacha mapipa, vikaunda maboya ya alumini, ile ile ya sufuria zetu. Alumini ni nyepesi, wala haiozi upesi katika maji baridi ya ziwa. Na ndani ya boya waundaji walianza kuweka kuta za kuligawa vyumba, ili chumba kimoja kikitoboka vingine vibaki na hewa.

Basi chukua mtu mmoja wa Minnesota aliyenunua mashua kuukuu ya alumini na kuileta nyumbani juu ya tela. Afanye nini kwanza? Wengi huanza na kile wanachokiona. Hung'oa viti vilivyochanika, hupaka rangi uzio, hununua zulia jipya. Hilo ni kosa. Zulia ni mwongo mkubwa katika mashua hizi. Juu laonekana safi, na chini yake mbao zimeoza kwa miaka kwa sababu unyevu haupati njia ya kutoka. Mwenye akili huling'oa zulia lote, hupiga mbao kwa nyundo na kusikiliza. Mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza.

Lakini hata mbao si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni maboya. Fundi huyagonga kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho, maana sauti ya penye hewa si sauti ya penye maji. Hutazama kila mshono, hasa mahali boya lilipoburuzwa juu ya mawe ya ufukoni, na mahali chuma kinachoshika sakafu kilipochomelewa. Akikuta maji ndani sharti ayatoe yote. Kumbuka nilisema huko maji huganda. Maji yakiwa barafu hupanuka. Maji yaliyosahauliwa ndani ya boya yaweza kuganda usiku mmoja wa baridi kali na kulipasua boya kwa ndani, na mwenyewe amelala kitandani akidhani mashua yake iko salama kwa kuwa iko nchi kavu.

Kutafuta tundu ni kazi ambayo kila mtengenezaji wa baiskeli katika nchi yetu aijua. Hutia hewa ndani ya boya, hupaka maji ya sabuni juu ya mishono, na palipo na povu ndipo penye tundu. Lakini hewa hiyo iwe kidogo sana, ratili 2 au 3 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hutiwa karibu 30. Mtu akilitendea boya kama tairi atalipasua, naye huenda akaumia.

Kisha tundu huzibwa kwa kuchomelea. Hapa nasema na wewe mwenye karakana, maana habari hii si ya Marekani tu. Pipa lililowahi kuchukua petroli halichomelewi hivi hivi, hata likiwa tupu. Mvuke wa petroli hubaki ndani muda mrefu baada ya mafuta kwisha, na moto ukifika pipa hulipuka kama bomu. Watu wengi wamekufa hivyo, katika nchi nyingi. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa kulisafisha pipa na kuhakikisha mvuke umekwisha. Kama huna fundi huyo, tafuta pipa lisilopata kutiwa mafuta.

Maboya yakiisha kuwa mazima, ndipo sakafu. Hutumia plaiwudi nene ya kuhimili maji, nayo hukazwa kwa bolti zisizoshika kutu. Kuna mtego mmoja hapa. Mbao nyingine hutiwa dawa yenye shaba ili zisioze. Mtu husema, dawa hii ni nzuri, mbao itadumu. Ni kweli mbao itadumu. Lakini shaba na alumini zikigusana penye maji hupigana, na anayeshindwa ni alumini. Huliwa taratibu mpaka hutoboka. Hivyo mtu aweza kuiponya sakafu na kuliua boya kwa dawa moja.

Sasa hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo iliyomwezesha mkulima yule kujua watu wangapi wapande. Pipa la lita 200 likizamishwa lote husukuma lita 200 za maji, nazo zina uzito wa kilo 200. Lakini hatutaki lizame lote. Tulizamishe nusu tu, lisukume kilo 100. Pipa lenyewe lina uzito wa karibu kilo 20. Toa 20 katika 100, zabaki 80. Basi kila pipa litabeba kilo 80, na nusu ya juu yabaki kuwa akiba yetu.

Tuseme pantoni ina mapipa 10. Mara 80 ni kilo 800. Sakafu na uzio ni kilo 300. Zabaki 500. Mtu mzima tumhesabu kilo 70, basi watu 7 wapande, nao ni kilo 490.

Na mapipa mawili yakijaa maji bila mtu kujua? Yabaki 8, yaani kilo 640. Toa 300 za sakafu, zabaki 340. Toa na uzito wa yale mapipa mawili, kilo 40, ambayo sasa yanabebwa badala ya kubeba. Zabaki 300. Watu 7 wamekuwa 4, na sakafu ni ile ile, rangi ni ile ile. Na kama yote mawili yako upande mmoja, upande huo hulala, watu huteleza kuelekea huko, na uzito wao huulaza zaidi.

Msidhani haya ni mambo ya vyombo vidogo tu. Tarehe 29 Aprili 1994, pale Mtongwe, Mombasa, kivuko kilichojaa watu kupita kiasi kilipinduka karibu sana na nchi kavu. Watu 272 walikufa. Walikuwa watu wa kwenda kazini asubuhi, na wengi wao wala hawakuwa na njia ya kujua chombo kile kilipasa kuchukua watu wangapi.

Kazi ya juma hili ni hii, ifanyeni darasani pamoja na mwalimu. Kijiji kina mapipa 12 yasiyopata kutiwa mafuta, na wazee wataka kuunda pantoni ya kuvukia mto. Sakafu itakuwa na uzito wa kilo 260, na mashine kilo 60. Mtu mzima ni kilo 70. Andikeni watu wangapi wapande wakati mapipa yote ni mazima. Kisha andikeni watu wangapi wapande kama mapipa matatu yana maji. Majibu tutayasoma katika kipindi kijacho.