Hibiski mu lupango: ua linaliwa, lakini angalia kwanza udongo

Mu Kolwezi watu wanapanda hibiski kwa kupendezesha lupango ao kuwa ukingo wa nyumba. Ni mti mfupi, majani yake yanang'aa kijani mwaka mzima, na maua ni makubwa: mekundu, ya waridi ao ya manjano. Wachache wanajua kama maua hayo yanaliwa.

Tusiuchanganye na ngai-ngai. Ni ndugu, lakini ngai-ngai hupandwa kila mwaka. Tunapika majani yake, na vikombe vyekundu vinavyobaki kisha ua kuanguka ndivyo vinatengeneza bissap. Kwa hibiski ya lupango, tunakula ua lenyewe.

Udongo kwanza

Hapa kwetu shaba na kobalti ziko chini ya nyumba zetu. Mu 2014, watu wa mtaa wa Kasulo walianza kuchimba kobalti ndani ya malupango yao. Mu 2018, watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kama wakaaji wa mtaa ule, zaidi sana watoto, walikuwa na kobalti nyingi mu mkojo. Vumbi la nyumba nalo lilikuwa na madini mengi.

Kwa hiyo, hibiski ya kula usiipande karibu na shimo, mahali wanapooshea mawe, ao pembeni ya barabara ya malori ya madini. Kuosha ua kunaondoa vumbi la juu, lakini hakuondoi madini ambayo mizizi imekwisha kunywa. Chokaa na mbolea ya samadi vinasaidia mti usivute madini mengi, lakini madini yanabaki mu udongo.

Kama una mashaka na lupango yako, panda mu chombo. Kata bidoni ya litre 20 iliyokuwa ya mafuta ya kula, itoboe chini, ujaze udongo uliotoka mbali na machimbo pamoja na samadi iliyooza. Bidoni iliyobeba asidi ao dawa za kiwanda, hapana kabisa.

Kupanda na kutunza

Mvua zikianza, Oktoba ao Novemba, kata tawi la sentimita 15 ambalo si laini sana wala halijakomaa sana. Toa majani ya chini, lisimamishe mu udongo wenye mchanga, mahali pa kivuli. Mizizi inatoka kisha wiki 4 mpaka 8. Hapo lihamishe mahali penye jua saa 6 ao zaidi kwa siku.

Kolwezi iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hibiski inaogopa baridi. Usiku wa Juni na Julai, chombo kikae karibu na ukuta. Wakati wa kiangazi mwagilia asubuhi, na funika udongo kwa majani makavu. Maji yatoke ku bomba ao kisima safi, si mu mto unaopokea maji ya viwanda.

Mvua zikikaribia, punguza matawi: maua yanatoka ku matawi mapya. Vidukari vikija, maji ya sabuni kidogo yanatosha. Ua la kula halipuliziwi dawa ya wadudu.

Kula

Ua linafunguka siku moja tu, kwa hiyo chuma asubuhi. Toa kikonyo, kikombe cha kijani na ule uzi wa katikati wenye unga. Bakiza petali, uzioshe vizuri. Zinaliwa mbichi pamoja na nyanya na kitunguu, ao petali za maua 2 ao 3 mu kikombe cha maji ya moto. Kamua ndimu ndani: chai inageuka nyekundu.

Mama mjamzito aiache. Mwenye kunywa dawa za tansio aulize muganga wa kituo cha afya kwanza. Na ua la ukingo wa barabara, hata likiwa zuri namna gani, tuliache kwa macho tu, na watoto tuwaambie vile vile.