Maji ya Rau na Deni la Mtekaji

Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Rau huishia kwetu pwani. Mto huo huteremka kutoka Kilimanjaro, hupita mashariki ya mji wa Moshi hadi Kahe, kisha maji yake huingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kutoka kwa jina la Pangani, hadi baharini.

Chemchemi za huko hazitoki thelujini, kama wengi tunavyodhani. Mvua hunyesha juu ya msitu wa mlima, huzama ardhini, ikaibuka tena chini. Msitu wa Rau, wenye mti adimu wa msoo, hustawi kwa maji hayo.

Wachagga waliyawekea maji mila. Mfereji wao, yaani mfongo, ulikuwa na ukoo ulioanzisha na mzee aliyegawa zamu. Haki ya kuteka ilifungamana na wajibu wa kuzibua. Aliyekwepa kazi alitozwa faini au alinyimwa maji.

Leo maji ya Moshi hutiwa chupani yakauzwa mbali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mito. Ni jambo jema. Lakini sheria hiyo hulinda ukingo, nayo mvua huanzia msituni. Mto ukipungua, mkulima wa Kahe hukosa zamu, na huko Pangani chumvi hupanda mtoni.

Basi atiaye maji chupani naye ni mtekaji. Apewe zamu yake, na jembe lake la kuzibulia.