Taa ya kucha ya hosteli na jua la Kumsenga

Najua nimepotea. Asainmenti zimenibana, bumu limechelewa kama kawaida yake, na umeme nao unakuja na kuondoka. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima, nikasema leo silali mpaka nimeliandika.

Ni hivi. Chumbani tuko wanne. Mmoja wetu, mtoto wa mjini huyo, kanunua taa ya kukaushia rangi ya kucha, ile rangi ya jeli. Unaingiza vidole, unawaka mwanga wa zambarau, baada ya dakika chache kucha zimekauka ngumu na zinang'aa. Kitanda chake cha chini kimegeuka saluni, wasichana wanatoka mpaka bloku ya pili. Jumamosi na mimi nikapanga foleni. Nimeingiza mkono tu, mwenzetu wa kitanda cha juu akauliza: "Ticha, hiyo taa si inaleta kansa?" Wote wakacheka. Mimi nikautoa mkono. Si kwa sababu ya taa. Nilimkumbuka mtu wa nyumbani Kumsenga. Nitafika kwake, msiwe na haraka. Nianze na historia ya huo mwanga wenyewe, maana somo langu la kufundishia ndilo hilo na siwezi kujizuia.

Mwaka 1801, huko Jena, Ujerumani, kijana mmoja anaitwa Johann Wilhelm Ritter alikuwa anachezea mwanga wa jua uliopita kwenye kioo cha pembe tatu ukatawanyika rangi kama upinde wa mvua. Alikuwa na karatasi iliyolowekwa kemikali ya fedha, ambayo ikipigwa na mwanga inageuka nyeusi. Akaona karatasi inakuwa nyeusi haraka zaidi pale nje ya zambarau, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kumbe kuna mwanga usioonekana. Kwa Kiswahili cha vitabuni tunauita mionzi ya urujuanimno. Jina refu, lakini ndiyo hiyo hiyo watu wa saluni wanaiita yuvii.

Kwa muda mrefu watu waliuona mwanga huo kama dawa. Daktari wa Denmark, Niels Finsen, alitumia mwanga mkali kutibu kifua kikuu cha ngozi, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Baada ya hapo taa zikapendwa sana Ulaya. Halafu mwaka 1928 mtafiti wa Uingereza, George Findlay, akawaweka panya chini ya taa ya zebaki mara kwa mara, wakaota uvimbe wa saratani. Yaani dawa ikaonyesha upande wake wa pili. Hata hivyo watu waliendelea. Wazungu wakatengeneza vitanda vya taa vya kujipaka rangi ya jua, wanalala humo ili wawe weusi kidogo (na huku kwetu wengine wanapaka krimu wawe weupe, binadamu haridhiki jamani). Mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lile la Lyon, Ufaransa, likaviweka vitanda hivyo kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo hakuna tena ubishi kwamba vinaleta saratani. Sigara nazo ziko humo humo.

Sasa taa ya kucha. Wazo lake limetoka kwa madaktari wa meno, ambao miaka ya 1970 walianza kukausha dawa ya kuzibia jino kwa mwanga huo. Mwaka 2009 madaktari wa Texas waliandika habari za wanawake wawili waliopata saratani ya ngozi mikononi na ambao walikuwa wametumia taa za kucha. Watu wawili si ushahidi wa kumfunga mtu, lakini ilitosha kuwashtua wengine. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani wakapima taa 17 kwenye saluni 16. Wakakuta taa zinatofautiana sana kwa nguvu, ila wakasema hatari kwa mtu ni ndogo hata akienda mara nyingi. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Diego, wakaweka chembe hai za binadamu na za panya kwenye sahani za maabara na kuziwekea taa hiyo. Dakika 20 mara moja, asilimia 20 hadi 30 ya chembe zikafa. Mara tatu za dakika 20, asilimia 65 hadi 70. Na zilizobaki hai zilikuwa na makosa kwenye vinasaba vyake. Lakini chembe kwenye sahani haina ngozi ya juu ya kuikinga kama mkono wako, na hukai dakika 20 mfululizo.

Kwa hiyo jibu nililompa mwenzetu lilikuwa hili: kansa kwa taa hii, uwezekano upo lakini ni mdogo, usiifanye kila wiki, paka mafuta ya kukinga jua mikononi kabla, au vaa glavu ulizokata ncha za vidole. Na msidanganyike na ile iliyoandikwa LED, nayo inatoa mionzi ya aina hiyo hiyo. Mmoja akadakia, "Mbona Bob Marley alikufa kwa kansa ya kucha?" Kweli, iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ila saratani ya aina ile haisababishwi na jua wala taa. Tusimsingizie marehemu.

Hapo ndipo ningeishia kama si huyo mtu wa Kumsenga.

Ngozi zetu nyeusi zina rangi inayoitwa melanini. Ni kama mwavuli juu ya kila chembe. Mionzi ikija, melanini inaimeza kabla haijafika kwenye vinasaba na kuviharibu. Ndiyo maana wengi wetu tunalima mchana kutwa na ngozi haitudai sana. Mtu mwenye ualbino hana huo mwavuli. Baba na mama wote wanakuwa wamebeba vinasaba vyake bila kujijua, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Tanzania inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Marekani ni kama mmoja kati ya 17,000 au 20,000. Ongeza na jiografia: Kibondo na Kasulu tuko karibu na ikweta, na juu milimani zaidi ya mita 1,000. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10. Ule ubaridi wetu wa asubuhi unadanganya. Wingu jepesi nalo linadanganya, mionzi mingi inapita.

Darasa la tano nilikuwa kiranja. Tulikuwa na msichana mwenye ualbino, jina lake nalihifadhi. Haoni ubaoni vizuri, anasoma daftari limegusa pua. Siku za kazi za mikono tulikuwa tunaparilia shamba la shule saa nane mchana. Yeye alikuwa anakimbilia chini ya mwembe. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wategaji. Nikamwandika. Wiki baada ya wiki nikamwandika, na Ijumaa majina yanasomwa mstarini, juani, wanachapwa. Sikumchukia hata kidogo. Niliamini natenda haki: sisi tunaungua, kwa nini yeye akae kivulini? Hakuna aliyetuambia. Mwalimu hakusema, na sidhani kama naye aliambiwa chuoni.

Na hili ndilo linaloniuma nikisoma historia, kwa sababu lilikuwa linajulikana. Chama cha maalbino Tanzania kilianzishwa mwaka 1978. Mwaka 1985 madaktari wa saratani wa Dar es Salaam walichapisha utafiti juu ya ngozi za watu wenye ualbino wa Tanzania, wakaonyesha kwamba jua linaanza kuwaharibu tangu utotoni kabisa na saratani inawakuta wakiwa bado vijana. Mwaka 1992 kikafunguliwa kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi pale KCMC, Moshi, na wataalamu wake wakawa wanazunguka vijijini kuwapima na kuwapa elimu. Miaka ya 2010 pale pale KCMC wakaanza kutengeneza mafuta ya jua ya Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, hapa hapa nchini. Elimu ilikuwepo. Ilichelewa tu kupanda mlima kuja kwetu.

Halafu ikaja ile balaa nyingine. Kuanzia mwaka 2007 magazeti yalijaa habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, zaidi kanda ya ziwa, na Kigoma hatukusalimika. Mwaka 2009 mwezi Januari Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo huo mahakama iliyokaa Kahama ikawahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini kati ya mwaka 2000 na 2015.

Watoto wakakimbiziwa kwenye shule zenye ulinzi. Kwetu ilikuwa Kabanga, Kasulu, shule ya msingi iliyokuwa na kitengo cha watoto wenye ulemavu. Wengine walikuja na mama zao, wengine waliachwa wadogo wakakua hawawajui ndugu zao. Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa liliandika habari za Kabanga katika ripoti yake ya mwaka 2009. Ukuta uliwakinga na mapanga, na tushukuru. Lakini wageni waliotembelea vituo vya namna hiyo waliandika pia juu ya msongamano na uhaba wa mafuta ya jua. Panga lilizuiliwa getini. Jua halina geti.

Ndiyo maana nasema historia ya watu hawa tumeisoma nusu. Ukimuuliza mwanachuo yeyote atakwambia mauaji. Hayo yalitisha na yalistahili kelele zote. Lakini muuaji mwingine anafanya kazi kila siku kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi, na huyo halali kwa mganga. Anasaidiwa na kiranja mwenye daftari.

Likizo iliyopita nilikutana na yule msichana gulioni. Anauza nyanya na dagaa, kajifunika kitenge mpaka mikononi, kofia pana, mwavuli mkubwa ameufunga kwenye mti. Sikio la kushoto halipo lote, lilikatwa hospitali baada ya kidonda kisichopona. Nikamsalimia, sauti ikanikauka. Yeye akacheka, akaniita, "Karibu kiranja! Nasikia unasomea ualimu. Siku hizi unaandika nini?"

Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji. Nikamwomba msamaha, vibaya vibaya, maneno yamejikanyaga. Akasema, "Ulikuwa mtoto, mdogo wangu. Na mimi nilikuwa mtoto." Halafu akahudumia mteja mwingine. Mpaka leo sijui kama hiyo sentensi ya pili ilikuwa ya kunisamehe au ya kunihukumu. Nadhani vyote viwili.

Basi walimu wenzangu watarajiwa, mwakani tunamwagwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na wengine tutapangiwa huko huko milimani. Darasani kwako akiwepo mtoto mwenye ualbino: mkalishe mbele, mbali na dirisha lenye jua. Andika ubaoni maandishi makubwa na umsomee kwa sauti. Mstarini asimame kivulini. Kofia pana na mikono mirefu viruhusiwe hata kama si sare. Kazi za nje mpe asubuhi mapema au mpe za ndani. Ukiona kidonda kisichopona usoni, mdomoni au sikioni, usingoje, mpeleke hospitali, kikiwahiwa kinatibika. Mtihani wa taifa ukikaribia, ulizia karatasi ya maandishi makubwa, ni haki yake. Na viranja wako waambie sababu. Mtoto akielezwa anaelewa. Mimi ningeelewa.

Kuhusu kucha, nilirudi Jumatatu nikamalizia mkono wa pili, nimevaa soksi kuukuu niliyoikata vidole. Wamenicheka sana. Mwenye taa sasa naye anaivalisha wateja wake.

Tuonane wiki ijayo, bumu likiingia.