Dakika 1 na sekunde 12: kwa nini barabara tambarare za kando ya bahari huwatesa waendesha baiskeli

Msikilizaji wetu mmoja alituma ujumbe tukiwa hewani kwenye kipindi cha michezo. Aliuliza: "Mtangazaji, hao wanaoshindana baiskeli mahali ambapo hakuna hata kilima kimoja, wanachoka na nini?" Muda ulikuwa umetutupa mkono, nikaahidi kumjibu kwa maandishi. Ahadi ni deni, na hili hapa jibu.

Jibu fupi ni upepo. Jibu refu linaanzia Uholanzi, kwenye jimbo la kusini-magharibi linaloitwa Zeeland, jina lenye maana ya nchi ya bahari.

Nchi iliyo chini ya bahari

Sehemu kubwa ya Zeeland ilikuwa visiwa na kinamasi cha maji ya chumvi. Kwa mamia ya miaka wakazi wake walijenga matuta ya udongo kuzuia bahari, kisha wakachimba mitaro ya kutolea maji mpaka kinamasi kikawa mashamba. Ndiyo maana ardhi ni tambarare kama meza, na mahali pengi iko chini kuliko usawa wa maji yaliyo upande wa pili wa tuta. Juu ya matuta huota nyasi, na kondoo hulishwa humo. Si kwa ajili ya nyama na sufu tu. Kondoo hufupisha nyasi na kwato zake hushindilia udongo, tuta likabaki imara.

Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ilisukuma maji ya Bahari ya Kaskazini wakati maji yamejaa. Matuta yalivunjika sehemu nyingi na watu 1,836 wakafa Uholanzi. Baada ya hapo serikali iliamua kuifunga midomo ya ghuba kwa mabwawa na vizuizi. Mpango wa kwanza wa ghuba ya Oosterschelde ulikuwa kuiziba kabisa, lakini wavuvi wa kome na chaza pamoja na watunza mazingira wakapinga, kwa kuwa maji ya chumvi yangekosa kuingia na kutoka na viumbe vya humo vingekufa. Kikajengwa kizuizi cha urefu wa kilomita 9 hivi chenye milango 62 ya chuma. Siku za kawaida milango hubaki wazi, na dhoruba ikitabiriwa hushushwa. Kizuizi kilizinduliwa tarehe 4 Oktoba 1986. Juu yake kuna barabara ya magari, na baiskeli nazo zina njia yake.

Sasa fikiria uko kwenye njia hiyo. Hakuna mti, nyumba wala mwamba wa kukukinga, na maji yako kushoto na kulia. Upepo unaovuma kutoka baharini haujakutana na kizuizi chochote kabla ya kukutana na wewe.

Upepo unakula nguvu namna gani

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikitumwa dukani kwa baiskeli ya baba, kwenye njia ya ufukweni. Msimu wa kusi, kwenda ilikuwa raha na kurudi ilikuwa adhabu, ingawa njia ilikuwa ileile. Nadhani wengi wenu mnaijua hali hiyo, hasa ukiwa na gunia nyuma.

Sababu yake ni hii. Kwenye barabara tambarare, kazi kubwa ya mwendesha baiskeli anayekwenda kasi ni kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Ukienda kilomita 30 kwa saa hewa ikiwa imetulia, mwili wako unakutana na hewa kwa kasi hiyohiyo. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukija usoni, sasa unakutana nayo kwa kasi ya 60. Na ukinzani hauongezeki mara mbili. Kasi ya hewa ikizidi mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Kilima kina kilele, ukikifikia unateremka. Upepo hauna kilele.

Kwa hiyo waendesha baiskeli wa mashindano hujificha nyuma ya wenzao. Anayekaa karibu sana na gurudumu la aliye mbele anaweza kuokoa kama theluthi moja ya nguvu zake. Wakiwa kundi kubwa, wa katikati hupumzika kabisa huku wakienda kasi.

Upepo ukija kutoka mbele, jambo hili ni rahisi: mmoja anatangulia, wengine wanajipanga nyuma, wanapokezana. Mabaharia wa majahazi huziita pepo za mbisho, na kwa baiskeli pepo hizo huchosha tu. Upepo unaovunja kundi ni ule wa ubavuni.

Mshazari

Tuseme upepo unatoka kushoto. Ukikaa nyuma kabisa ya mwenzako hupati kinga, maana upepo unakupiga ubavu. Kinga iko nyuma yake, kidogo kuelekea kulia. Basi wa kwanza anashika ukingo wa kushoto wa barabara, wa pili anakaa nyuma yake upande wa kulia, wa tatu hivyohivyo, mpaka wanapanga mstari wa mshazari unaokata barabara. Anayemaliza zamu yake mbele anarudi nyuma na mwingine anachukua nafasi.

Ubaya ni kwamba barabara ina upana wake. Wakishaenea watu kumi au kumi na watano, lami imekwisha. Wa kumi na sita hana pa kukaa. Analazimika kufuata mstari mmoja kwenye ukingo wa kulia, upepo ukimpiga waziwazi, na nyuma yake wako mia moja na zaidi katika hali hiyohiyo. Mmoja akichoka na kuacha nafasi ya mita tano, wote walio nyuma yake wameachwa. Wenye akili hawang'ang'anii ukingo. Wanaanzisha mshazari wao wa pili, na wa tatu, na kutumaini kuwafikia wa mbele baadaye.

Ndiyo maana timu zilizojiandaa husoma ramani mapema: barabara inapinda wapi, wapi inatoka nyuma ya tuta na kupanda juu yake, wapi nyumba zinaisha. Kabla ya kufika hapo wanagombania nafasi za mbele kana kwamba mbio zinamalizika palepale. Mtu mwepesi wa milimani, mwenye kilo chache, huumia zaidi katika kugombania huko.

Siku ya Zeeland, mwaka 2015

Tarehe 5 Julai 2015, siku ya pili ya Tour de France ilitoka mji wa Utrecht na kumalizika Neeltje Jans, kisiwa kilichotengenezwa na watu katikati ya kizuizi cha Oosterschelde. Ilikuwa kilomita 166 bila mlima. Mvua na upepo vikalikuta kundi na likakatika vipande. Mbele alikuwamo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa baiskeli akiwa kijana na Mkenya David Kinjah. Nyuma walibaki Nairo Quintana wa Kolombia, mpanda milima hodari kuliko karibu wote wa wakati huo, na Vincenzo Nibali wa Italia, bingwa wa mwaka uliotangulia.

Mjerumani André Greipel alishinda siku hiyo, na Mswisi Fabian Cancellara akavaa jezi ya njano. Quintana na Nibali walifika wakiwa wamechelewa dakika 1 na sekunde 28. Watazamaji wengi waliona ni jambo dogo, kwa sababu milima ilikuwa bado na siku zilizobaki zilikuwa 19.

Siku moja kabla ya kufika Paris, kwenye mlima wa Alpe d'Huez, Quintana alimshambulia Froome na kumwacha kwa sekunde 80. Hazikutosha. Froome alitwaa ubingwa kwa tofauti ya dakika 1 na sekunde 12.

Toa 1:12 kwenye 1:28 uone. Sisemi tuta la Zeeland peke yake ndilo lililoamua, maana Froome alimpita Quintana kwa zaidi ya dakika moja pia kwenye milima ya Pyrenees, na mbio zingekwenda hivi zingebadilisha mbinu za kila mtu. Lakini muda aliopoteza Quintana alasiri ile tambarare ulizidi muda aliokosa ubingwa kwa sekunde 16. Kwangu hilo linamjibu msikilizaji wetu kuliko maelezo yote ya hewa.

Wanaoutafuta upepo

Tangu mwaka 2013 Waholanzi wana mashindano yao ya kitaifa ya kuendesha baiskeli dhidi ya upepo, juu ya kizuizi hichohicho. Umbali ni kilomita 8.5 tu. Baiskeli za mbio haziruhusiwi: wote hupewa baiskeli za mjini za aina moja, nzito, zisizo na gia, ambazo mtu hukaa wima kifua kikiwa wazi. Tarehe haipangwi mapema. Waandaaji husubiri utabiri wa dhoruba, upepo wa kilomita 50 kwa saa au zaidi, kisha hutangaza siku chache kabla, na washiriki huacha shughuli zao wakaja.