Injini Nayo Hupumua

Jirani yangu ana gari dogo la Kijapani lenye tabo, na alikuwa ameshabadilisha tabo hiyo mara mbili. Ya kwanza mtumba, ya pili mtumba, na fundi wake alikuwa anamwandaa kwa ya tatu. "Bosi, hizi za mtumba ni bahati nasibu," alimwambia. Akikanyaga mafuta tu, moshi wa buluu unafunika barabara.

Tukampelekea mzee mmoja ambaye miwani yake imeshikiliwa na waya. Mzee hakuigusa tabo. Aliomba glavu ya mpira, zile za hospitali, akaivalisha kwenye mdomo wa kumiminia oili, akaikaza kwa kamba ya raba, akawasha injini. Glavu ikanywea, vidole vikaingia ndani. "Hapo mzima," akasema. Akafunga boneti, akamtuma jirani apande mlima wa karibu kwa gia ya tatu, mguu sakafuni. Gari liliporudi tukafungua boneti. Glavu ilikuwa imechanika, vipande vimetapakaa juu ya betri.

Mzee akachomoa kimpira kilichounganishwa na menifoldi, akatoa ndani yake vali ndogo, akaifuta kwa shati, akapuliza kwa mdomo. Akaigeuza, akapuliza tena. Pumzi ilipita kote kuwili.

"Huyu anatakiwa apitishe upande mmoja tu, mwanangu. Tabo zenu zilikufa bure."

Kimpira kile kina historia ndefu kuliko watu wengi wa gereji wanavyodhani, na sehemu kubwa yake haikuanzia kwenye tabo. Ilianzia kwenye ukweli kwamba hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Kila mlipuko unaposukuma pistoni chini, gesi kidogo hupenya pembeni na kushukia kwenye chumba cha krenki, tumbo la injini. Gesi hiyo ina petroli isiyoungua, mvuke wa maji, masizi na asidi. Isipopewa njia ya kutokea hujitafutia: kwenye sili, kwenye gasketi, kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili. Ikibaki ndani, oili hugeuka uji mweusi. Injini ikivuta hewa, lazima pia itoe pumzi.

Kwa miongo kadhaa jibu la watengenezaji lilikuwa bomba tupu. Tangu miaka ya 1920 magari mengi yalikuwa na bomba linaloshuka kutoka kwenye injini hadi chini ya gari, mdomo wake umekatwa mshazari. Gari likienda, upepo unaopita mdomoni hunyonya gesi kutoka ndani, na hewa safi huingia kwa juu kupitia kifuniko cha oili chenye wavu. Hakuna springi, hakuna vali, hakuna cha kuharibika. Lakini gari likikwama kwenye foleni hakuna upepo, kwa hiyo hakuna mvuto, na unyevu unarudi kuketi kwenye oili. Likienda, kila linachokinyonya linakitema barabarani. Waendesha pikipiki wa enzi hizo walijua kuukwepa mstari mweusi wa katikati ya njia, pale magari yalipodondoshea oili mchana kutwa, hasa mvua za kwanza zinapoanza.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilionyesha ubaya mwingine wa bomba hilo. Gari la jeshi huvuka mito, na bomba lililo wazi chini ya injini ni mlango wa maji. Kwenye jeep ya Willys, ile ambayo kila filamu ya vita inayo, wahandisi waliunganisha chumba cha krenki na menifoldi ya kuingizia hewa, katikati wakaweka vali. Mvuto wa injini yenyewe ukawa unanyonya gesi na kuirudisha kuchomwa. Vita vilipokwisha, magari ya kiraia yaliendelea na bomba lao. Lilikuwa rahisi, na hakuna aliyekuwa akiuliza moshi ule unakwenda wapi.

Swali lilikuwa tayari linachemka Los Angeles. Tarehe 26 Julai 1943 jiji hilo lilifunikwa na ukungu uliochoma macho na koo, na wapo waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Kiwanda cha malighafi ya mpira bandia kikalaumiwa, ukungu ukaendelea kurudi. Aliyekuja kuufumbua ni Mholanzi Arie Haagen-Smit, mwanakemia wa chuo cha Caltech, ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa kuchunguza kinachofanya nanasi linukie nanasi. Aliipitisha hewa ya jiji kwenye mitambo ya baridi kama aliyoitumia kunasa harufu ya tunda, akapata kitu cha kahawia chenye kunuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alieleza kwamba mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni, vikipigwa na jua, huzaa ozoni na sumu nyingine. Ozoni hiyo ilikuwa inapasua hata raba.

Macho yote yakageukia ekzosi. Kumbe bomba lile la chini nalo lilikuwa linatema. Mwishoni mwa muongo huo vipimo vilionyesha kuwa sehemu isiyo ndogo ya petroli mbichi iliyotoka kwenye gari ilikuwa inapitia kwenye chumba cha krenki. Basi dawa ya kwanza kabisa ya kusafisha moshi wa magari Marekani haikuwekwa kwenye ekzosi. Mwaka 1961 California iliamuru vali ya PCV, ndugu wa ile ya jeep, ifungwe kwenye magari mapya. Magari ya modeli ya 1963 yakaanza kuja nayo nchi nzima, na kuanzia modeli ya 1968 sheria ya taifa ilikataza kabisa kuachia gesi hiyo hewani.

Je, ilihitaji kuchukua muda wote huo? Januari 1969 serikali ya Marekani iliwashtaki General Motors, Ford, Chrysler na American Motors, pamoja na chama chao, kwa madai ya kula njama ya kuchelewesha vifaa vya kupunguza moshi, PCV ikiwemo. Kesi ilimalizika mwaka huohuo kwa makubaliano, bila kusikilizwa. Mimi nikiitazama ile jeep ya 1941 naona vigumu kuwatetea.

Vali yenyewe inatosha kiganjani. Ndani yake mna kipini kinachoshindana na springi. Injini ikinguruma bila mzigo, mvuto wa menifoldi ni mkali, kipini kinavutwa na kuacha upenyo mdogo. Gari likiwa mwendoni mvuto hulegea, upenyo hupanuka. Menifoldi ikitema badala ya kuvuta, kipini hurudi na kufunga. Ukiitikisa ile nzima hulia kama karanga ndani ya ganda. Isiyolia imeshaganda kwa uchafu.

Kazi hiyo ya mwisho, ya kufunga, kwenye injini ya kawaida ni tahadhari tu. Kwenye tabo ndiyo kila kitu.

Tabo si kitu kipya: Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Kwenye magari ya watu ilifika mwaka 1962, vali ya PCV ikiwa bado ngeni, kupitia Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Katika magari hayo kabureta ilikaa kabla ya tabo, kwa hiyo palikuwa na mahali, kati ya kabureta na tabo, pasipokosa mvuto wakati wowote. Wazungu wa Ulaya walikuja na mpangilio mwingine: BMW 2002 Turbo mwaka 1973, Porsche 911 Turbo baada yake, kisha Saab 99 Turbo mwaka 1978, iliyoleta tabo kwa baba mwenye watoto na mizigo. Hapa petroli ilinyunyizwa kwa injeksheni, na tabo ikasukuma hewa moja kwa moja kuelekea menifoldi.

Menifoldi ikawa na nyuso mbili. Dereva akitembea taratibu, inavuta, na PCV inafanya kazi kama California ilivyotaka. Akikanyaga, menifoldi ileile inajaa mgandamizo wa psi 10 hivi, theluthi moja ya pumzi ya tairi. Vali isipofunga, upepo huo wote unashuka tumboni mwa injini, na hapo ndipo glavu inapochanika. Isitoshe, wakati huohuo gesi inayopenya kwenye ringi imeongezeka maradufu. Kwa hiyo injini ya tabo inahitaji njia mbili: moja kwenda menifoldi yenye mlango wa upande mmoja, nyingine kwenda kwenye bomba la hewa lililo kati ya kipima hewa na tabo, ambako tabo yenyewe inanyonya. Mpira wa njia hiyo ya pili huleta hewa safi gari likiwa limetulia, na hutoa gesi linapokimbia. Mpira mmoja, pande mbili.

Tabo inahusikaje na moshi? Oili ya kulainisha tabo hairudi kwa pampu, inashuka yenyewe kwa uzito wake hadi sampu, chini ya tumbo la injini. Tumbo la injini likiwa na mgandamizo, oili haishuki. Inajaa kwenye tabo, inapenya sili, inaungua. Unanunua nyingine, nayo inafanya vilevile.

Njia ya pili ina gharama yake. Gesi inayorudi kwenye tabo hubeba ukungu wa oili, ukungu huo hupaka kuta za intakula, kile kipoza hewa ya tabo, na kuvuruga uchomaji, injini ikaanza kugonga. Wanamashindano walikuwa na kopo la kunasa oili kabla ya mtu wa kawaida kulijua. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinataka gari la mashindano lenye kipumulio cha wazi liwe na tangi la kukusanyia: angalau lita 2 kwa injini isiyozidi cc 2000, lita 3 kwa inayozidi, na tangi lionyeshe kilichomo. Injini za tabo zilipochukua Safari Rally, Toyota Celica ya Björn Waldegård ikishinda mwaka 1984, na Ian Duncan wa Kenya akishinda kwa Celica nyingine mwaka 1994, oili ya kila injini iliyokuwa inakata vumbi ililazimika kuwa na mahali pa kwenda.

Kwenye gari la mtaani kopo ni zuri likifungwa kwa akili. Mipira iwe minene kama ya kiwandani au zaidi, iwe ya kustahimili oili. Mipira ya maji hulainika, ikavimba, kisha ikajifunga yenyewe kwa ndani. Ndani ya kopo muwe na vizuizi au wavu, la sivyo ni chupa tu. Kinachonikera ni wale wanaokata mipira yote na kuielekeza chini "injini ipumue vizuri". Wamerudi miaka ya 1920, tena kwa gari ambalo kompyuta yake inahesabu kila pumzi.

Malori ya dizeli yalipewa muda mrefu zaidi. Nchini Marekani sheria yenyewe iliziachia dizeli kubwa za tabo zitoe gesi nje, kwa hofu kwamba ukungu wa oili ungechafua tabo na intakula, hadi modeli za 2007. Ukisimama kwenye mlima wa Kitonga ukatazama lori kuukuu likipanda, utaona kimoshi kingine chini ya injini, mbali na ekzosi.

Jirani yangu alinunua vali mpya na kopo. Wiki tatu baadaye tulirudi kwa mzee akalifungua: uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, harufu ya petroli ikatupiga puani. Akaridhika. Akalibeba hadi ukingo wa barabara, akalimimina mtaroni, akalifuta kwa kitambaa na kulirudisha mahali pake.