Hamali-chuma, Si Kihamishi

Kitini kimoja cha baiolojia kilichonifikia hivi karibuni kinaiita transferini, protini inayobeba chuma katika damu, "kihamishi". Walioidhinisha neno hilo walisikia kitenzi cha Kiingereza cha kuhamisha, wakaishia hapo. Laiti wangechimba asili yake! Holmberg na Laurell, wanasayansi wa Sweden waliopendekeza jina hili mwaka 1947, waliunganisha maneno mawili ya Kilatini: trans, yaani kuvuka, na ferrum, yaani chuma. Kilatini kina pia ferre, kubeba, na mfanano huo hupoteza wengi. Basi tumepewa istilahi ya chuma isiyo na chuma ndani yake.

Mimi natetea hamali-chuma. Mzizi wa Kiarabu h-m-l, wenye maana ya kubeba, umekwisha kuzaa kwetu: hamali, himili, stahimili. Tena hamali habebi tu. Hupokea mzigo, huufikisha kwa mwenyewe, huutua, kisha hurudi mikono mitupu kutafuta mwingine. Ndivyo ifanyavyo protini hii. Katika damu, penye pH ya takriban 7.4, kila molekuli yaweza kushika kwa nguvu atomi mbili za chuma, kila moja ikishikizwa kwa msaada wa kaboneti. Hupokewa na kipokezi juu ya seli, huingizwa ndani katika kifuko, na pH ya kifuko ikishuka hadi karibu 5.5, chuma huachiliwa. Protini yenyewe haimeng'enywi; hurudishwa kwenye damu ikiwa tupu. Kihamishi kinasema lipi katika hayo? Hata "kifunga-chuma", neno la wapinzani wangu wengine, linataja kushika na kusahau kutua, ilhali pasipo kutua uboho hauwezi kuunda himoglobini.

Nilipowasilisha pendekezo langu, kamati moja ilinijibu kwamba hamali ni neno la bandarini, halina hadhi ya maabara. Jibu hilo liliniuma, na bado linaniuma. Ukuta wa seli tuliuazima kwa waashi, kiini tukakitoa kwenye yai, na maabara zetu hazikupungukiwa hadhi.

Kuhusu matumizi: neno liwe katika ngeli ya i-/zi-, na kipimo cha hospitali kiitwe kiwango cha kujaa kwa hamali-chuma, ambacho kwa mtu mzima mwenye afya huwa karibu theluthi moja. Anayelikataa alete hoja ya kisayansi au ya kisarufi. Dharau kwa wachukuzi si hoja.